Uzoefu wangu na Mustang ya 1967: kagua boksi la hewa kabla ya kusikiliza injini

Gari ninaloeleza hapa ni Ford Mustang ya 1967 yenye paa la bati, V8 ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, kabureta ya midomo miwili na gia otomatiki ya C4. Nililinunua likiwaka na kutembea, nikalivua hadi bodi tupu, nikalijenga upya. Ninalipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa ni ya kutu. Injini ya 289 spea zake zimejaa Marekani nzima na mafundi wanaoijua ni wengi, lakini bodi iliyooza inamaliza hela kabla hujagusa nati moja ya injini.

Anza na namba ya gari. Fungua boneti uangalie juu ya bati la ndani la fenda, upande wa dereva; imegongwa hapo. Yangu inaanza na 7R01C. 7 ni mwaka 1967, R ni kiwanda cha San Jose (F ingekuwa Dearborn, T ni Metuchen), 01 ni paa la bati la kawaida, na C ni 289 ya midomo miwili yenye nguvu za farasi 200. A ni 289 ya midomo minne, farasi 225. S ni injini kubwa ya inchi 390. Ukikuta T mahali pa C, gari lilitoka kiwandani na silinda sita, hata kama leo lina V8 inayonguruma. Hesabu pia nati za magurudumu: la silinda sita lilikuja na nne, la V8 tano. Kwa magari ya kuanzia 1967, Marti Auto Works hutoa ripoti kutoka kumbukumbu za Ford yenyewe, yenye rangi, gia na vifaa lilivyotoka navyo. Ilipe kabla ya kukubaliana bei.

Sasa boksi la hewa. Chini ya kioo cha mbele kuna bati lenye matundu marefu, na boksi lenyewe liko chini yake. Mvua huingia humo, hugawanyika kulia na kushoto, kisha hushuka na kutokea nyuma ya fenda. Ndani ya boksi kuna tundu la kupitishia hewa pande zote mbili, lenye shingo fupi iliyoinuka ili maji yasimwagike ndani. Majani hukwama kuzunguka shingo hiyo, unyevu haukauki, bati linaoza kutoka ndani ambako macho hayafiki. Kipimo ni rahisi: toa kapeti, mwaga maji ya bomba kwenye yale matundu kwa dakika tano, mtu mwingine alale chali na tochi chini ya dashibodi. Kwenye gari langu tone la kwanza lilitokea juu ya boksi la hita, likateleza kwenye waya na kuangukia sakafu upande wa abiria, jekundu kama chai ya rangi. Ukiona hivyo, sakafu nayo imeshakwenda.

Usikubali kuzibiwa kwa faiba na silikoni. Gereji ya kwanza ilinifanyia hivyo na maji yakarudi, kwa sababu kutu iliendelea kula chini ya kiraka. Dawa yake ni kutoa fenda na kioo, kutoboa nukta zote za kuchomelea kwa keekee ya milimita 8, kuinua bati la juu na kubadilisha la chini. Kazi inachosha lakini inafanyika mara moja tu. Kabla ya kukata sakafu, chomelea mabomba ya mraba kwenye nafasi za milango na uache milango ikiwa imefungwa mahali pake, la sivyo bodi inalegea na milango haifungi tena sawasawa. Waya wa mashine ya kuchomelea ya MIG wa milimita 0.6 unatosha, mnene zaidi unatoboa bati.

Kutoa rangi kwa mchanga wenye shinikizo ni hatari kwa boneti na paa, maana bati bapa linapinda na halirudi. Mchanga uache kwa vyuma vinene vya chini. Fenda mpya za kuiga ni nzuri kwa bei yake, ila matundu ya bolti mara nyingi hayakai sawa. Zifunge zote, linganisha nafasi za milango na boneti, ndipo upulize rangi.

Kwenye injini, jambo la kwanza ni taiming, yaani mnyororo na gia zinazozungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu). Gia ya juu ya asili ni ya aluminiamu yenye meno ya nailoni. Nailoni ikizeeka inapasuka, vipande vinaanguka kwenye sampu (bakuli la oili) na kuziba chujio la pampu ya oili. Weka seti ya chuma hata kama ya zamani inaonekana nzima. Ukifungua hedi, weka viti vigumu vya valvu za ekzosi, kwani petroli ya leo haina madini ya risasi yaliyokuwa yakivilinda viti vya asili. Ukibadilisha kamshafti, mara injini inapowaka iende mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, bila kuiacha ishuke kwenye mzunguko wa chini, na oili yenye zinki, vinginevyo kamshafti inalika. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-4-2-6-3-7-8, distributa (inayogawa moto kwa plagi) inazunguka kinyume cha saa, na silinda namba 1 iko mbele upande wa abiria. Wengi huchukua mpangilio wa 351 Windsor, V8 nyingine ya Ford, kisha wanashangaa kabureta kurudisha moto.

Gia ya C4 weka oili ya gia otomatiki aina ya Type F. Mipira yote ya petroli, kuanzia tangi hadi kabureta, badilisha kwa ile inayostahimili ethanoli. Ya zamani inalainika kwa ndani, na uchafu wake unaishia kwenye jeti, vitundu vya petroli ndani ya kabureta.