Kompyuta ya gemu kwa mfuko wa kawaida: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Kama una haraka, jibu langu ni hili: tafuta kompyuta ya ofisi iliyotumika, ya kasha kubwa la kusimama, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, kisha iongezee kadi ya grafiki isiyohitaji waya wake wa umeme. Hiyo ndiyo naiweka namba moja kwa anayeanza. Yanayofuata ni sababu zake, na lini uachane nayo uchukue nyingine.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiunganisha na kutengeneza kompyuta za ndugu na majirani hapa Dar, na karibu kila aliyeumia aliumia mahali pamoja: alinunua jina. Aliona kibandiko cha i7 na feni zinazomulika rangi, akatoa hela bila kuuliza kizazi. Core i7-2600 ni ya 2011. Core i3-12100F ni ya 2022. Ina viini vinne (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) kama ile, lakini kwenye gemu inaiacha mbali sana. Soma namba iliyo baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 8500 cha nane, 12100 cha kumi na mbili. Muuzaji akikwambia "hii i7 bosi, mashine ya kazi", mwombe aiwashe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, usome mwenyewe.

Namba moja: kompyuta ya ofisi, kasha kubwa

Majina ya kuulizia ni Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4 na Lenovo ThinkCentre M920t. Makampuni huko nje yanapobadilisha vifaa, mashine hizi huingia sokoni kwa wingi, na zimetengenezwa kukaa zimewashwa kutwa nzima. Ukipata yenye Core i5-8500 una viini sita; ndugu yake wa kizazi cha saba, i5-7500, ana vinne tu. Pengo hilo utaliona kwenye gemu za sasa.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania kizazi cha nane. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yake ya prosesa za Intel zinazokubalika kwa Windows 11 huanzia kizazi hicho. Ukitaka kucheza Valorant kwenye Windows 11, lazima TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya mashine, viwe vimewashwa, la sivyo gemu inakugomea. Mashine ya kizazi cha nne ni rahisi, nakubali, na kwa GTA V peke yake inaweza kukutosha. Ila ukitaka ikae nawe miaka mitatu au minne ijayo, ongeza kidogo uruke juu.

Sasa kasha, na hapa naomba usome taratibu. Kompyuta hizi huja kwa saizi tatu: kubwa la kusimama, jembamba, na kile kidogo kama kitabu kinene. Hicho kidogo hakina tundu la kuchomeka kadi ya kawaida, kiache. Jembamba ndilo linalodanganya watu. Mpwa wangu alijibana karibu mwaka mzima, akanunua jembamba na kadi ya GTX 1650 ya kimo cha kawaida kutoka maduka mawili tofauti, kisha akanipigia: "Shikamoo mjomba, naomba uje uniwekee kadi." Tuliifungua mezani jikoni. Kadi iliingia vizuri kwenye tundu lake, ikalia tik, lakini kile kibati cha mwisho kinachofungwa kwa skrubu mgongoni mwa kasha kilibaki kimechomoza juu ya ukingo, upana wa vidole viwili. Mfuniko haukufunga. Aliyemuuzia hakutaka kusikia habari ya kurudisha. Ile kadi tuliiuza kwa hasara tukatafuta ya kimo kifupi, ambayo bei yake huwa juu na upatikanaji wake wa shida. Usoni mwake sikuona hasira, niliona aibu tu, na hilo liliniuma zaidi ya hela.

Kwa hiyo: kasha kubwa. Ndani yake weka GTX 1650 yenye GB 4, au mfuko ukiruhusu RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024. Tundu la mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, linatoa wati 75 tu, na RTX 3050 hiyo inakula 70. Baadhi ya GTX 1650 zina tundu la ziada la umeme la pini sita, kwa hiyo itazame kadi yenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) za ofisi nyingi huwa kati ya wati 200 na 300 na hazina waya huo. Kaa mbali na kadi ya RX 6400 kwenye mashine hizi: ina njia nne tu za kupitisha data, na kwenye mazabodi ya kizazi cha nane inapoteza kasi. GT 1030 nayo ipo yenye memori ya GDDR5 na yenye ya DDR4. Zinaitwa jina lilelile, lakini ya DDR4 ni dhaifu mno.

Angalia pia RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Vijiti viwili vya GB 8 vinashinda kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa mpigo. Na hifadhi ya mafaili iwe SSD, si diski ya kuzunguka. Gemu moja kubwa siku hizi inaweza kufika GB 100, na hakuna anayetaka kulipia bando la kuipakua mara mbili kwa sababu diski imejaa.

Udhaifu wa chaguo hili nausema wazi. Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe kati ya pawa saplai na mazabodi. Siku utakapotaka kadi kubwa zaidi, mashine itakuwa imefika mwisho wa barabara.

Namba mbili: uijenge mwenyewe, kadi ije baadaye

Hii ni ya mtu anayepata hela kidogo kidogo. Prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G ya 2021, ina viini sita na grafiki yake ndani, kwa hiyo unaanza kucheza leo bila kadi, ukishusha ubora wa picha. Mpira, Valorant, Counter-Strike 2, vyote vinachezeka. Mwakani ukijaliwa unaongeza kadi ya RX 6600. Hapa vijiti viwili vya RAM ni lazima, maana grafiki ya ndani inaishi kwa kuazima RAM hiyohiyo. Ukiweka kimoja unaikaba koo. Chukua mazabodi ya B550. B450 nayo inafaa, ila hakikisha BIOS yake, ile programu ya kuiwashia, imesasishwa, maana za mwanzo haziitambui prosesa hii.

Zingatia herufi. 5600 bila G haina grafiki ndani. Kwa upande wa Intel, F mwishoni ina maana hiyohiyo. Nimeitwa zaidi ya mara moja kuona kompyuta "mbovu" kumbe ni 12100F, na waya wa monita umechomekwa kwenye mazabodi.

Kuna jambo limefanya chaguo hili lipande kwenye orodha yangu: bei ya RAM mpya ilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya AI. Mashine za AM4, lile tundu la prosesa linalopokea 5600G, zinatumia RAM ya DDR4, na DDR4 iliyotumika ipo mtaani. Za AM5, tundu jipya zaidi, zinataka DDR5, na hapo mfuko unalia.

Namba tatu: seti kamili kwa mkupuo

Core i3-12100F au Ryzen 5 5600, pamoja na RX 6600 ya GB 8. Kwa uwezo, hii inazipita zote mbili za juu, na kwenye skrini ya 1080p huna cha kuogopa. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya hela tu. RX 6600 inakula wati 132 na inataka waya mmoja wa pini nane, kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 450 au 500 inatosha.

Nimesema ya kweli, na hapa ndipo ningependa kukushika mkono nikupeleke dukani. Pawa saplai ndicho kifaa pekee kinachoweza kufa na wenzake wote. Igeuze, soma jedwali la ubavuni, tafuta safu ya +12V. Chukua ampea zilizoandikwa pale uzidishe kwa 12. Nimeshika moja iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu, na kwenye +12V ilikuwa ampea 18. Hizo ni wati 216, na prosesa na kadi ya grafiki vinakula karibu vyote kutoka safu hiyo. Nzuri ya wati 450 itakuonyesha kama ampea 37. Halafu ipime kwa mkono: iliyo nyepesi kama kopo tupu haina shaba wala chuma cha kutosha ndani.

Nyuma yake unaweza kukuta swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Iliyotoka Marekani inaweza kuja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo inalipuka papo hapo. Itazame kabla ya kitu chochote.

Kuhusu kadi zilizotumika: Ethereum, sarafu ya kidijitali, iliacha uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki Septemba 2022, na kadi nyingi za kazi hiyo zikamwagwa sokoni. Sizikatai. Feni ndizo huchoka kwanza, nazo zinabadilishika. Ninachokataa ni kununua bila kuijaribu. RX 580 ikiandikwa 2048SP ni pungufu, nguvu yake ni ya RX 570. Na zipo GTX 1050 Ti bandia, kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitambulishe kwa jina hilo. Weka programu ya GPU-Z kwenye flashi uende nayo. Kadi nyingi za NVIDIA za namna hiyo inaziumbua pale pale kwa neno FAKE mbele ya jina.

Ninazoziweka chini

Laptopu ya gemu iliyotumika ni ya nne. Mwanafunzi wa hosteli anayehama kila muhula namwelewa kabisa. Lakini joto letu la pwani haliihurumii, vumbi linaziba mapezi ya kupozea, na kadi ikifa huibadilishi kama ya kompyuta ya mezani.

Ya mwisho ni lile sanduku la kioo na taa, limejengwa tayari, bei ya kuvutia, ndani kuna Xeon, prosesa ya Intel ya seva, iliyopandikizwa kwenye mazabodi ya X99 isiyo na jina. Xeon E5-2680 v4 ina viini 14 kweli, lakini kasi ya kiini kimoja kimoja haipiti 3.3 GHz, na gemu nyingi hutegemea viini vichache vyenye mbio. Kwa kuhariri video inafaa. Kwa gemu, hela ya taa ingenunua SSD.

Ikigoma

Kwanza tofautisha. Haiwaki kabisa, hata feni hazizunguki: angalia soketi, waya, swichi ya nyuma ya pawa saplai, halafu nyaya ndogo za kitufe cha kuwashia. Ukigusisha kwa bisibisi zile pini mbili za PWR_SW kwenye mazabodi na ikawaka, kitufe cha kasha ndicho kibovu.

Inazunguka lakini skrini nyeusi: waya wa monita uwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kisha zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha kijiti kimoja tu mpaka kilie tik. Hatua hii peke yake imeniponyea mashine nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu unyevu na chumvi ya hewa ya hapa havipumziki. Bado? Toa ile betri ya duara ya mazabodi, CR2032, dakika tano, rudisha.

Inawaka vizuri, inazima gemu ikikolea: ni joto au pawa saplai. Tazama joto la prosesa; likikaribia nyuzi 100, safisha vumbi na ubadilishe ile pesti ya kijivu iliyo chini ya kipozeo. Joto likiwa la kawaida na bado inakata ghafla kama umeme umekatika, lawama nazipeleka kwa pawa saplai.

Na UPS, lile sanduku la betri la kushika umeme ukikatika, ni sehemu ya kompyuta, uipigie hesabu tangu mwanzo. Ile ya 650VA haitoi wati 650. Nyingi hutoa 360 hadi 390. Inatosha namba moja na namba mbili, pamoja na monita. Haikupi muda wa kumaliza mechi, inakupa muda wa kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, na umeme unaporudi kwa kishindo inaupokea yenyewe kwanza.

Ukienda dukani nenda asubuhi, kabla hakujajaa. Omba iwashwe, ichezwe gemu nzito dakika ishirini mbele yako, uweke kiganja nyuma ya kasha usikie hewa inayotoka. Kisha uandikiwe risiti yenye namba kamili ya prosesa na ya kadi, si "i7 used" peke yake. Akikataa kuandika, shukuru, vuka barabara uingie duka la pili.