Mama hakutaka kuhama: uzoefu wangu na kampuni iliyotukarabatia nyumba

Nianze na nyota: tatu na nusu kati ya tano. Zingefika nne na nusu kama aliyekuja kupima ndiye angesimamia ujenzi.

Mama ana miaka 79. Magoti yamechoka na nyonga moja ilishafanyiwa upasuaji. Ndani anatembea kwa kuegemea fremu ya kutembelea, safari ndefu anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Tulimshauri ahamie kwa mmoja wetu, akauliza nani atamwagilia maua yake, mazungumzo yakaishia hapo. Basi ikabidi nyumba ndiyo ibadilike. Tukapata kampuni inayorekebisha nyumba kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu. Jina silitaji, bado tuna kiporo cha kazi nao.

Siku ya kwanza walinikosha kabisa. Alikuja mtu mzima mmoja na futikamba na daftari, nikadhani ataanza na bafu. Hakupima kitu. Alisema, "Mama, naomba ufanye kama ni saa nane usiku na umebanwa. Toka kitandani, nenda chooni, urudi." Yeye akawa anamfuata nyuma, kimya. Walipomaliza akaniita pembeni mwa mlango wa bafu, akanionyesha doa jeusi ukutani, ukubwa wa kiganja. Doa hilo nimelifuta mwaka mzima nikiwagombeza watoto. "Hapa ndipo mama anaposhika," akasema, akabandika kipande cha tepu juu yake. Akakuta mengine mawili: kwenye fremu ya mlango wa chumbani, na ukutani karibu na sinki. Sinki lenyewe, alipoligusa, lilikuwa limeanza kuachia ukuta kwa kuegemewa.

Mambo mengi aliyoshauri baada ya hapo yalikuwa madogo, na ndiyo yaliyosaidia zaidi. Mlango wa chumbani ulikuwa unaacha nafasi ya sentimita 78 ukifunguliwa, na kiti kinahitaji angalau 81 au 82 ili mtu asikwaruze vidole. Hakuvunja ukuta. Alibadilisha bawaba, akaweka zile zinazousogeza ubao wa mlango nje kabisa ya njia, tukapata kama sentimita nne za bure. Vitasa vya mviringo vikatoka, vikaja vya mkono mrefu ambavyo mama anavisukuma hata kwa kiwiko. Mlango wa bafu ulivunjwa na kupanuliwa, na sasa unafunguka kwa nje. Sababu sikuwahi kuifikiria: mtu akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango, na anayekuja kumwokoa anabaki kusukuma.

Taa nazo. Alituambia jicho la mtu wa miaka 60 linapokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Tukaweka taa ndogo chini ya uvungu wa kitanda, inajiwasha mguu ukigusa sakafu. Bafuni kila kitu kilikuwa cheupe, ukuta, sakafu na choo, kiasi kwamba mama alikuwa anapapasa kabla ya kukaa. Kifuniko na kikalio vikawa vya bluu iliyokolea. Dakika tano za kazi.

Halafu wakaja mafundi, na daftari la yule mzee nadhani lilibaki ofisini.

Mteremko wa mlango wa mbele walitaka kuumaliza ndani ya mita 3.6. Baraza yetu ina kimo cha sentimita 45. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo sisi tulihitaji mita 5.4. Fundi akaniambia nafasi haitoshi. Nilimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikaegemeza ubao kwenye baraza kwa mwinuko wake, nikamwambia apande. Nafasi ikapatikana: walikunja kona, wakaweka jukwaa bapa la mita moja na nusu katikati, na kingo pembeni gurudumu lisichomoke.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni vyuma vya kushikilia bafuni. Walivifunga mahali mchoro uliposema, si penye tepu, tena kwenye ukuta wa bodi, kwa roplagi za plastiki (vile vidude vya kushikia skrubu ukutani), nyuma yake hakuna hata kipande cha mbao. Chuma cha namna hii kinatakiwa kibebe kilo 113 bila kutikisika. Nilining'inia mara moja tu, kikaja na vigae viwili mkononi. Nashukuru nilikuwa mimi. Walirudi, wakafungua ukuta, wakapitisha mbao ngumu ndani na kufunga upya, safari hii penye doa.

Choo nacho kilikuwa na kisa. Waliweka kirefu, sentimita 48, kwa kuwa viwango vya Marekani vinataka kati ya 43 na 48. Viwango hivyo vilitungwa hasa kwa ajili ya majengo ya umma, na mama yangu ni mfupi. Akikaa, miguu ilikuwa inaning'inia kama mtoto kwenye benchi la kanisa. "Mwanangu," alimwambia fundi, "hiki umenijengea mimi au mume mtarajiwa wa binti yako?" Kikabadilishwa. Nyie pimeni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mwenye nyumba kabla hamjanunua.

Waliahidi wiki tatu, zikawa saba. Na kama nyumba yenu ina bafu moja kama yetu, waulizeni mapema mtaoga wapi likishavunjwa. Sisi hatukuuliza. Siku kumi na moja tulikuwa kwa jirani, mama akisukumwa kwenye kiti na taulo begani, akiwasalimia wapita njia kama mgombea ubunge.

Mpaka leo kizingiti cha mlango wa jikoni kiko palepale, sentimita tatu, wakati kwenye mkataba kimeandikwa kishushwe hadi chini ya sentimita moja na nusu. Nimepiga simu mara nne. Mama amechoka kusubiri, amemtuma mjukuu akipake rangi ya njano.