Dell U2723QE: Skrini Nzuri kwa Anayejua Kuipanga

Skrini hii ya inchi 27, iliyoingia sokoni mwaka 2022, ina pikseli (vitone vinavyounda picha) 3840 kwa 2160, yaani takriban pikseli 163 kwa kila inchi, ilhali skrini ya ukubwa uleule yenye 1920 kwa 1080 huishia kwenye 82 hivi. Tofauti huonekana waziwazi kwenye herufi ndogo: mkunjo wa "g" hauna tena ngazi-ngazi, na anayehariri maandishi kutwa nzima atashukuru.

Tatizo huanza pale mtu anapoona maandishi ni madogo mno, akakimbilia kushusha pikseli hadi 1920 kwa 1080. Maandishi hukua kweli, ila hupoteza ule usafi alioulipia. Katika Windows, njia sahihi ni kuiacha skrini kwenye 3840 kwa 2160, kisha kuongeza ukuzaji hadi asilimia 150, ambapo nafasi ya kazi hulingana na ile ya 2560 kwa 1440 huku herufi zikibaki safi. Programu chache za zamani bado huonekana na ukungu. Hilo si kosa la skrini.

Waya nao uangaliwe. HDMI 1.4, toleo la zamani la muunganisho wa skrini na kompyuta, huishia picha 30 kwa sekunde kwa pikseli hizi, na kishale cha kipanya huonekana kujikokota. Waya wa USB-C hufikisha 60, tena huchaji kompyuta mpakato kwa hadi wati 90. Kwa michezo ya kasi siipendekezi, kwa kuwa 60 ndiyo kikomo chake.