Kulala kwenye gari nyanda za juu: nunua godoro kabla ya hita

Mwezi wa saba, Kitulo, nyanda za juu kusini, saa kumi usiku. Niko macho ndani ya Noah, nimevaa kila nguo niliyobeba, na juu yangu mablanketi mawili mazito. Meno yanagongana. Kulipopambazuka nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu.

Mablanketi hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini: nilikuwa nimetandika mkeka na shuka juu ya bati la gari, na bati lile lilikuwa limekunywa baridi tangu magharibi. Kitulo iko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo aliyetoka Dar na feni yake anahamia dunia nyingine bila kuvuka mpaka. Ukingo wa Ngorongoro ni hivyohivyo, na Aberdare kwa majirani zetu Wakenya.

Tangu usiku ule nimenunua, nimeazima na nimejuta. Huu ndio mpangilio ambao ningefuata leo kama ningeanza upya na Haisi, Noah au Alphard iliyotolewa viti.

Kwanza niwatoe wawili ambao hawamo kwenye mashindano. Jiko la mkaa halilali na mtu ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Unasinzia, basi. Wa pili ni hita ndogo ya gesi inayokaa juu ya mtungi: inakula hewa ileile unayovuta, na kila kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Asubuhi godoro limelowa na vioo vinachuruzika.

1. Godoro. Pesa ya kwanza iende hapa. Blanketi hupasha kwa sababu linashika hewa katikati ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa yote na linabaki kitambaa. Sponji halikamuliki kirahisi. Chukua sponji gumu la sentimita 8 hadi 10, na fundi magodoro atakukatia kwa umbo la gari, na zile pembe za matairi pia. Godoro la kujaza upepo linavutia kwa kuwa linakunjika, lakini la kawaida ni baya kuliko sponji: hewa ya ndani inazunguka na kukuletea ubaridi wa chini. Yapo ya upepo yaliyotengenezwa kwa baridi, nayo huandikwa namba ya R, kipimo cha jinsi godoro linavyozuia joto lako lisitoroke. Kwa usiku unaokaribia kuganda, tafuta R ya 4 kwenda juu.

2. Mfuko wa kulalia, au duveti nzito. Mitumba ndiyo rafiki yako. Angalia lebo: mifuko mingi ya Ulaya ina viwango vitatu vya joto. Kile cha chini kabisa, ambacho muuzaji atakusomea kwa sauti, ni cha kuponea tu, si cha kulala. Wewe soma kile cha juu, cha starehe. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto sana, ila yakilowa yanasinyaa, na ndani ya gari unyevu haukosekani. Mimi nilichagua sintetiki na sijajutia uzito wake. Kama ni safari moja tu, usinunue: Moshi na Arusha wanakodisha kwa wapanda mlima. Shuka la Kimasai ni zuri kwa picha.

3. Mpira wa maji ya moto. Kwa bei yake, hakuna kinachoushinda kwenye orodha hii. Jaza theluthi mbili, maji yasiwe yanachemka, toa hewa kabla ya kufunga, uvishe soksi nzito, uweke miguuni nusu saa kabla ya kulala.

4. Vifuniko vya madirisha. Kioo ndicho kinachopoteza joto kirahisi zaidi. Foili ile yenye mapovu, iliyobandikwa sponji jembamba, inatosha. Pima kila dirisha kwa gazeti kwanza. Acha upenyo wa vidole viwili sehemu mbili, la sivyo pumzi yenu itageuka matone darini.

5. Blanketi la umeme la volti 12. Linakula kama wati 50, yaani ampea 4 hivi. Saa nane ni ampea-saa 32 au 33, mzigo ambao betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 haiuhisi. Ya asidi ya ukubwa huo usiishushe chini ya nusu. Na liwe kwenye betri ya pembeni, maana ukilichomeka kwenye ile ya kuwashia gari, asubuhi utatafuta watu wa kusukuma. Wanaouliza kuhusu hita ya umeme ya nyumbani na inveta: wati 1,500 zinaimaliza betri hiyo ya 100 ndani ya dakika 50.

6. Hita ya dizeli. Hii ndiyo inayopasha gari zima, na joto lake ni kavu kwa sababu moto unavuta hewa nje na kutoa moshi nje. Ya kilowati 2 hunywa chini ya robo lita kwa saa. Za Webasto na Eberspächer ni ghali mara kadhaa kuliko za China. Tatizo kwetu ni mwinuko: juu ya mita 1,500 hivi hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi, hita inajaa masizi. Usinunue isiyo na marekebisho ya mwinuko, maana huko juu ndiko unakoipeleka. Nunua pamoja nayo kengele ya kaboni monoksidi yenye alama EN 50291-2, ambayo ni ya magari ya kulala. Kisha muulize fundi bomba la moshi litatokea wapi. Akikujibu "hapo chini tu, katikati", chukua hita yako uondoke. Lipitilize hadi ubavuni, mbali na mlango na dirisha uliloacha wazi.