Uzoefu wangu: kundi dogo la treni za modeli limenifaa kuliko makundi makubwa yote niliyopitia

Nina injini moja ya HO (hiyo ni skeli, modeli ndogo mara 87 kuliko treni halisi) ilinisumbua karibu miezi miwili. Inatembea vizuri tu leiauti nzima, yaani reli zote nilizozipanga, ila ikifika pointi moja, moja tu, pale njia inapogawanyika kwenda yadi, umeme unakata kote, treni zote zinasimama, busta, kile kifaa kinachotuma umeme kwenye reli, inalia, baada ya sekunde inarudi halafu inakata tena. Injini zingine zote zinapita hapohapo wala hazishtuki. Nikaposti kwenye grupu kubwa nililokuwemo wakati ule, lile la watu maelfu kwa maelfu, na video nikaweka. Majibu yalikuja chapchap kweli, ndani ya saa moja nina komenti arobaini na kitu. Safisha reli. Safisha magurudumu. Pointi mbovu hiyo, ng'oa weka nyingine. Busta yako ndogo, tafuta yenye ampea nyingi. Nikasafisha reli kwa alkoholi mpaka zikang'aa, nikanunua pointi mpya aina ileile nikabadilisha, na kung'oa pointi ambayo umeshailehemu waya na kuimwagia kokoto na gundi jamani si kazi ya dakika tano, unavuruga na mandhari ya pembeni. Nikaweka injini. Ikafika pale, ikakata.

Ndo mtu mmoja humohumo akaniandikia pembeni, akasema mambo haya nenda kaulize kwenye kundi fulani, dogo, ni la watu wa HO wanaotumia DCC tu, yaani kuendesha treni kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli. Nikajiunga nikauliza. Siku ile hakuna aliyejibu, nikaona basi na hawa ni walewale. Kesho yake nikakuta jibu moja, na lenyewe lote lilikuwa maswali. Inakata ukiwa unaingia upande wa yadi tu au na ukienda moja kwa moja? Inakata gurudumu la ngapi likiwa wapi? Umepima magurudumu yake kwa kile kibamba cha kupimia cha NMRA, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya treni za modeli? Halafu la mwisho ndo lililonifungua macho: zima taa za chumba, pitisha injini polepole kabisa, angalia cheche inatoka wapi.

Nikazima taa. Cheche ikaonekana mara moja, kacheche ka buluu, pale katikati ya pointi reli mbili zinapokaribia kukutana kwenye kile kipande cha plastiki. Nikarudi kuwaambia. Wakanieleza kwamba pointi za aina ile zile reli mbili zina umeme tofauti na zimetengwa kwa plastiki nyembamba sana, gurudumu likiwa pana kidogo au limekaa vibaya kwenye ekseli linagusa zote mbili kwa wakati mmoja, hiyo ni shoti. Kwenye DC ya zamani, ile isiyo ya kidijitali, shoti fupi kama hiyo injini inaweza kuipita kwa kasi yake na wewe usijue chochote, lakini busta ya DCC inaiona papo hapo na inakata umeme kujilinda. Kwa hiyo wakasema kwanza pima magurudumu, na kama unataka kuhakikisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi pale reli zinapokaribiana, iache ikauke, jaribu tena. Nikapaka. Injini ikapita. Mara kumi, mara ishirini, ikapita. Baadaye nikapima na magurudumu, ekseli ya tatu ilikuwa imebana kuliko inavyotakiwa, nikaivuta taratibu ikaingia kwenye kipimo, na hiyo ndo ilikuwa dawa yenyewe manake rangi ya kucha inakwanguka baada ya muda.

Huo ni mwaka wa tatu sasa na sijatoka kwenye lile kundi. Watu huniuliza kwa nini sirudi kule kwenye wengi, na jibu langu ni hilohilo la cheche: hawa wanakuuliza upime kwanza ndo wakuambie tatizo ni nini. Mtu anayekisia hata akiwa na nia njema anakutia hasara.

Na hasara ninayoisema nimeionja. Kabla ya hiyo ya pointi nilitaka kuweka dikoda, kile kisakiti kinachopokea amri za DCC ndani ya injini, kwenye injini yangu ya zamani, ya kabla ya DCC. Nikauliza kwenye kundi kubwa waya zinaungwaje, nikajibiwa vizuri tu na kwa haraka: nyekundu reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto, ya chungwa na ya kijivu ziende kwenye mota, nyeupe taa ya mbele, njano taa ya nyuma, buluu ni ya pamoja. Na ni kweli, rangi ndizo hizo, ndo kiwango cha NMRA na dikoda nyingi zinafuata hivyo. Nikaunga rangi kwa rangi, nikaweka kwenye reli, moshi. Dikoda imekufa siku hiyohiyo. Kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyenikumbusha ni kwamba injini nyingi za zamani mota yake imegusana na bodi ya chuma ya injini, brashi moja ya mota inapata umeme kupitia bodi, na bodi hiyo inatoka moja kwa moja kwenye reli. Lazima uitenge mota kwanza na uhakikishe kwa mita kwamba hakuna mawasiliano yoyote kati ya brashi na bodi wala kati ya brashi na magurudumu. Kwenye hili kundi dogo ukiuliza swali la dikoda kwenye injini ya zamani jibu la kwanza huwa ni "umepima brashi na bodi? mita inasemaje?" Hawakupi rangi za waya mpaka ujibu. Mwanzo nilidhani ni ukali, kumbe ni kuokoa vifaa vya watu.

Jambo lingine ambalo naona wengi hawalizingatii wanapochagua kundi ni skeli. Kundi la mchanganyiko linapendeza kuangalia, picha za kila aina, lakini ukiuliza kitu cha vipimo unachanganyikiwa kabisa. HO ni 1:87 kwenye reli ya milimita 16.5. OO ya Uingereza ni 1:76 lakini inatembea kwenye reli hiyohiyo ya 16.5, kwa hiyo mtu wa OO anaweza kukushauri jengo au gari au binadamu na akawa amesema kweli kwa upande wake, ukiliweka kwako linaonekana jitu. N ndo usiseme, Marekani na nchi nyingi za Ulaya ni 1:160, Uingereza 1:148, Japani mara nyingi 1:150, na zote zinapita kwenye reli ya milimita 9. Nimewahi kumwona mtu amejengewa hesabu nzima ya urefu wa jukwaa la stesheni na mjibuji aliyekuwa anafikiria skeli nyingine, wamezungumza siku nzima hakuna aliyeuliza. Kwenye kundi letu huwezi kuposti swali bila kutaja skeli, mfumo wa umeme na aina ya reli, admini anakurudishia. Inaudhi mara ya kwanza halafu unazoea, na baada ya muda unajikuta unafikiri hivyo hata ukiwa peke yako kwenye benchi.

Halafu hesabu. Nilikuja na mchoro wangu wa leiauti, njia inapanda inapita juu ya njia nyingine inashuka, nimeuchora vizuri na rangi nimetia. Kule nilikotoka ungepata mioyo na "safi sana". Hapa mzee mmoja, ambaye kwa maneno yake mwenyewe ni dereva wa treni mstaafu, akaniuliza swali moja: urefu wa huo mwinuko ni mita ngapi? Maana HO ili treni moja ipite chini ya nyingine unahitaji nafasi ya kama inchi 3, yaani karibu sentimita 7.6, na ukitaka mwinuko wa asilimia 2 ambao injini zitauweza na mabehewa nyuma, hiyo ni sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo unahitaji karibu mita 3.8 za kupanda tu, bado kushuka. Mimi nilikuwa nimetenga mita moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya asilimia 5! Na kona juu yake, na kona nayo inavuta. Akasema ana mtindo wa kuishusha njia ya chini nusu na kuipandisha ya juu nusu, kila moja inabeba nusu ya kazi. Nikachora upya usiku uleule. Ile leiauti leo inavuta mabehewa kumi na mbili bila kuteleza, na ningekuwa nimeshakata mbao zote kwa mchoro wa kwanza kama wangenipigia makofi tu.

Sasa kuhusu tabia za watu, hili lazima niliseme wazi kwa sababu ndo linafukuza wengi. Kuna makundi ya wale tunaowaita wahesabu ribiti, ukiweka picha ya behewa anakuambia ribiti za mlango zimepungua mbili na rangi hiyo kampuni hiyo ilikuwa imeshaiacha mwaka fulani. Mimi nawaheshimu, wanajua vitu vya ajabu na bila wao watengenezaji wasingekuwa makini, lakini mgeni ambaye ndo kwanza amepaka behewa lake la kwanza akipokelewa hivyo harudi tena. Upande mwingine kuna makundi ambayo kila kitu ni sawa, reli yako sheria yako, hakuna kukosoana hata kidogo, basi hujifunzi. Letu wameweka utaratibu mmoja nimeupenda mno: ukiposti kazi yako unasema mwenyewe unataka nini, kama unaonyesha tu au unataka ukosolewe. Ukisema unaonyesha, hakuna anayegusa ribiti. Ukisema nikosoeni, jiandae, watakuja na picha za injini halisi, tarehe, na vipimo. Nimetumia zote mbili kutegemea na siku.

Kumbukumbu za zamani nazo. Mwaka 2017 huduma moja kubwa ya kuhifadhi picha ilibadilisha masharti yake na picha zilizokuwa zimewekwa sehemu nyingine kupitia kwake zikageuka vibao vya kijivu, na watu wa modeli waliumia sana kwa sababu mafunzo ya miaka mingi ya hatua kwa hatua, jinsi ya kufungua injini fulani, jinsi ya kukata bodi kuweka spika, yalibaki maandishi tu, "kama unavyoona kwenye picha hapa chini" na chini hakuna kitu. Kwa hiyo sa hivi sehemu ya kwanza ninayoangalia kabla ya kujiunga popote ni kama picha zinahifadhiwa humohumo au zinaning'inia kwenye linki za watu. Kundi letu picha zinakaa ndani, na kila tatizo likishaisha mwenye tatizo anatakiwa aandike mwishoni dawa ilikuwa nini. Ukitafuta "CV29", moja ya zile namba za kuseti dikoda, unapata maelezo yaliyokamilika hadi mwisho wake, hata kama ni ya miaka sita nyuma. Kule kwenye makubwa swali la jana linazama, ukiskroli hulioni, na mtu mwingine anauliza lilelile kesho, na komenti arobaini zinaanza upya.

Ubaya upo. Ni taratibu. Ukiwa na haraka, mfano unataka kuendesha treni na wageni wanakuja jioni, usitegemee jibu, unaweza kungoja siku mbili. Memba ni wachache na wengi umri umeenda, kuna miezi kumenyamaza kabisa. Picha nzuri za kutazama usiku kabla ya kulala hazipo nyingi, kwa hizo bado napita kule kwenye makubwa na sioni aibu, kuna watu kule mandhari yao ya maji na miti inanifanya nirudi kwenye benchi na hamu mpya. Na kwa mtu ambaye ana seti ya boksi ya kuanzia, duara moja na injini moja yenye anwani 3 kama ilivyotoka kiwandani, pengine kundi letu litakuwa zito, wataanza kukuuliza umeunga waya za kulishia umeme kila baada ya mita ngapi wakati wewe una mita tatu za reli nzima.

Pia mambo ya programu ya kompyuta hatuko vizuri sana, wengi humu wanabonyeza CV kwa mkono kwenye rimoti moja moja. Kwa hilo nilienda kwa watumiaji wa JMRI, ambayo ni ya bure na ina sehemu ya DecoderPro inayokusomea dikoda yote kwenye skrini, nao wana tabia ileile, swali la kwanza wanakuuliza umeunga mfumo gani na toleo gani. Nimeanza kuona kwamba popote nitakapokuta swali kama hilo ndo nitakaa.

Kwa sasa niko kwenye kitanzi cha kurudishia treni nyuma, pale njia inazunguka inakuja kujikuta yenyewe na reli ya kulia inakutana na ya kushoto, shoti ya uhakika usipotenga kipande na kuweka kifaa cha kugeuza umeme. Nimeposti mchoro juzi. Jana wamejibu wawili, wananiuliza treni yangu ndefu kuliko zote ina urefu gani na mabehewa yana magurudumu ya chuma au ya plastiki, kwa sababu kipande kilichotengwa lazima kiimeze treni hiyo nzima kama magurudumu ni ya chuma. Yangu ni ya chuma. Urefu sijapima bado, leo usiku naipanga yote kwenye njia ya yadi nishushe utepe.