Stesheni ya East Ely, Nevada: nenda ukaione karakana

Kama una nafasi ya stesheni moja tu katika kaunti ya White Pine, iwe East Ely. Jengo la mawe la 1907 ni zuri, lakini uhondo uko nyuma yake: karakana nzima ya reli ya Nevada Northern, na injini ya mvuke namba 40, iliyoundwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1910. Vaa viatu vigumu. Sakafu ya karakana ina grisi. Chukua na koti, maana Ely iko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Abiria wa kawaida waliisha 1941, siku hizi ni utalii tu. Kaskazini, huko Cobre, reli hii ilikoungana na reli ya Southern Pacific, usitarajie stesheni: mji wenyewe umehamwa, hata maji hupati.