Kalamu Inayoandika Hewani: Uzoefu Wangu na Programu ya Kutengeneza Vishale vya Kipanya

Niliinunua programu hii siku chache baada ya masika, kwa sababu nilikuwa na disketi ya picha nilizochora kwa PC Paintbrush, programu ya zamani ya kuchora, katika miaka ya 1990, zote za PCX, yaani aina ya faili za picha ya programu hiyo, na nilitaka baadhi yake ziwe vishale vya kipanya kwenye kompyuta ambayo wajukuu wangu huchorea. Nianze kwa kuitendea haki. Picha ya PCX yenye rangi 256 huweka jedwali lake la rangi mwishoni kabisa mwa faili, na programu mbili nilizozijaribu kabla ya hii zililipuuza, zikasoma lile dogo la rangi 16 lililo mwanzoni, zikanirudishia michoro ya kijani kama mwani. Hii ililisoma sawasawa. Hata usuli wa zambarau iliuondoa nilipoionyesha rangi hiyo, bila kuacha utando pembeni mwa mchoro, ilhali PCX yenyewe haijui kitu kinachoitwa uwazi. Siku hiyo ningeipa nyota tano bila kusita.

Kisha mjukuu wangu akaishika kalamu.

"Babu, kalamu yako inaandika hewani."

Kalamu ile niliichora imeinama, ncha yake ikigusa pembe ya chini kushoto ya mraba wa pikseli 32 kwa 32. Mtoto alipobofya, mstari ulianzia pikseli zaidi ya 20 juu ya ncha, mahali pasipokuwa na kitu. Kila kishale kina nukta moja tu inayobofya, na sehemu nyingine zote ni pambo. Lakini programu hii, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja, haina popote pa kuichagua nukta hiyo. Nilifungua kila menyu mara tatu, nikiamini kwamba macho yangu ndiyo yenye kosa.

Nikawapigia simu. Kijana aliyepokea hakuniacha nimalize. "Mzee wangu, hapo tatizo si programu, ni mkono. Punguza kasi ya kipanya, utazoea." Nilipomweleza kwamba anayechora ni mtoto wa miaka minane, na kwamba mkono wake hautetemeki, alinijibu kuwa basi mtoto naye atazoea. Shikamoo sikuitarajia, maana nyakati zimebadilika, lakini nilitarajia walau aniulize ni faili gani.

Usiku huo nikalifungua faili lenyewe, baiti kwa baiti. Nukta ya kubofya hukaa kuanzia baiti ya 10 na ya 12, ukihesabu kutoka sifuri, mlalo kwanza kisha wima. Nikakuta 1 na 8, nikazitambua namba hizo papo hapo. Faili la kishale na faili la aikoni ni ndugu wa tumbo moja: mwanzoni hutofautishwa kwa namba, 1 kwa aikoni na 2 kwa kishale, na pale kishale kinapoweka nukta yake, aikoni huweka idadi ya matabaka ya rangi na idadi ya biti za kila pikseli. Tabaka 1, biti 8. Yaani waliochukua pesa yangu walitengeneza aikoni, wakageuza 1 kuwa 2, wakaiuza kama kishale, kisha wakanituma nikapimwe mkono.

Niliandika 0 na 31, yaani pembe ya chini kushoto, mahali pa namba zile, na kalamu ikaanza kuandika kwa ncha yake. Hapo nilikusudia kuipa programu nyota tatu, kwa kuwa rangi zake kwa kweli sijaziona kwingine, na dosari yenyewe ni ya baiti mbili. Lakini kadiri ninavyozifikiria baiti hizo mbili ndivyo ninavyozidi kuudhika, kwa sababu kisanduku cha kujazia namba mbili ni kazi ya mchana mmoja. Naipa nyota mbili, na zote ni za yule aliyeandika sehemu ya kusoma PCX. Yule wa simu hana chake.